Kati ya "wamefika" na "wamezika": tuchague bafle kwa masikio, si kwa macho



Kuko mjadala kwetu ambao umekula vikao vitatu na bado haujaisha. Mama mmoja wa hapa Yoba ametuachia sebule yake kila jioni, kuanzia saa kumi na moja hadi saa tatu, iwe chumba cha kusikiliza. Pesa kidogo za vyombo zimepatikana. Swali limebaki moja: tununue bafle gani?

Kuna wenzetu wanataka zile kubwa za harusini. Zina sabufa ya inchi 15, taa za rangi rangi zinazochezacheza, na kwenye boksi imeandikwa wati elfu kadhaa. Ukiziona tu, unajua kuna watu wameingia mjini. Sisi tulio wengi kidogo tunasema hapana. Tunataka bafle mbili ndogo, zenye sauti safi, na pesa inayobaki ikae kwenye betri, pazia na fundi. Tunaandika sababu zetu hapa wazi kwa sababu wenzetu wa Muyinga nao wako karibu kununua, na kuna mashirika yanauliza yatusaidie vipi. Tusije tukanunua wote kitu kimoja kibaya.

Kwanza tukumbushane: chumba hiki ni cha nini?

Si cha kucheza muziki tu. Tangu Januari na Februari 2025, Goma na Bukavu zilipochukuliwa na M23, makumi ya maelfu ya watu wamevuka Rusizi na kuingia Burundi upande wa Cibitoke. Baadaye wengi wakapelekwa Musenyi, kule Rutana. Wengine tulikuwa hapa zamani, tumeshazoea majina ya Kinama, Musasa, Bwagiriza na Kavumu kama majina ya vijiji vyetu. Lakini wa zamani na wa jana, jioni ikifika tunafanya kitu kilekile: tunatafuta habari za nyumbani. Tunasikiliza redio. Tunasikiliza sauti zilizorekodiwa kwenye WhatsApp, zinazotoka Uvira, Fizi, Kalehe, Nyarugusu. Na kwa kuwa simu nzuri ni chache, tunasikiliza pamoja, watu kumi na watano kwa simu moja, kila mtu amenyoosha shingo.

Sasa fikirieni ujumbe unaosema hivi: "Watoto wa shangazi wamefika jana." Halafu fikirieni ujumbe huohuo mtu ameusikia hivi: "Watoto wa shangazi wamezika jana." Herufi moja tu. F na Z ni upepo mdogo kati ya meno na midomo, lakini upande mmoja kuna kucheka na upande wa pili kuna matanga. Kwenye chumba chenye mwangwi na bafle inayonguruma, upepo ule mdogo unapotea. Wamama wanatazamana. Mtu anasema rudisha, irudishwe, bado haisikiki. Huo ndio ubishi wetu wote kwa kifupi: bafle ambayo haiwezi kutenganisha "wamefika" na "wamezika" haina kazi kwenye chumba chetu, hata kama inatikisa mabati.

Tueleze kidogo inavyokuwa. Sauti ya mtu ina sehemu mbili kubwa. Irabu, yaani a, e, i, o, u, zinabeba nguvu, na zinakaa chini na katikati. Konsonanti kama f, s, z, sh, t, k zinabeba maana, lakini ni dhaifu na sehemu yake kubwa iko juu, kwenye herzi 2,000 kwenda mbele. Sabufa inafanya kazi chini ya herzi 100 hivi. Huko chini hakuna neno lolote la mtu. Simu za zamani zilipitisha kati ya herzi 300 na 3,400 tu, hazikuwa na besi hata kidogo, na watu waliongea, waliposa, waliuziana ng'ombe, wakaelewana. Pale waliposhindwa kuelewana ilikuwa juu, si chini. Ndiyo maana mpaka leo kwenye simu tunasema "F kama Fatuma, S kama Salima".

Kwa hiyo mtu akituambia bafle kubwa "inasikika zaidi", tunamuuliza: kinachosikika zaidi ni nini? Ngurumo au neno?

Jambo la pili ni chumba chenyewe. Watu wanachagua bafle kana kwamba zitakaa hewani. Zitakaa ndani ya nyumba, na nyumba nayo inasema. Sebule yetu ina urefu wa mita 4 na upana wa mita 3 na nusu. Kuta ni za tofali zilizopigwa sementi, chini ni sementi, juu ni mabati bila dari. Simama katikati upige kofi moja: utasikia kama mlio wa spring'i, trrr, kwa sababu sauti inagonga ukuta, inarudi, inagonga tena. Neno la kwanza halijazimika, la pili limeshafika. Ukiongeza sauti, unaongeza na mwangwi wake. Hakuna ulichopata.

Besi nayo ina tabia yake. Chumba cha urefu wa mita 4 kinaitikia zaidi sauti ya karibu herzi 43, maana wimbi lake linaenea kati ya kuta mbili na kujirudia. Ukiweka sabufa humo, hasa kwenye kona, noti moja inavimba kuliko zote. Aliyekaa ukutani anasikia ngurumo, aliyekaa katikati hasikii kitu. Hapo bafle haina kosa. Imewekwa ndani ya chupa.

Sisi wa Gitega tuko na mfano mzuri karibu. Gishora iko kilomita kama 7 kutoka hapa mjini, na ngoma zake zinajulikana dunia nzima. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma ya kifalme ya Burundi kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Ngoma ile inachongwa kwenye mti wenyeji wanauita umuvugangoma. Nani amewahi kuona zile ngoma zinapigwa sebuleni? Zinapigwa uwanjani, mlimani, mahali sauti ina pa kwenda. Wazee wale hawakuwa na kipimo cha desibeli, lakini walijua kila sauti ina uwanja wake. Bafle ya harusi ni ngoma ya uwanjani. Sebule ya mama yetu inataka kitu kingine.

Na kabla ya kununua bafle yoyote, chumba kitibiwe. Mikeka chini. Vitenge vizito au mablanketi ya zamani kwenye kuta mbili zinazotazamana, yaachwe yaning'inie mbali kidogo na ukuta. Godoro moja lisimamishwe nyuma. Watu wenyewe wanasaidia, maana mwili na nguo vinakunywa sauti. Chumba kikijaa kinasikika vizuri kuliko kikiwa kitupu. Yale makasha ya mayai ambayo vijana wengi wanayabandika studio hayasaidii sana. Ni mepesi mno, na kwa sauti za chini hayafanyi lolote. Blanketi nzito ni bora. Mvua ya Gitega juu ya mabati ni habari nyingine. Ikinyesha ya nguvu, hakuna bafle itakayoishinda bila kuumiza masikio. Dari, hata ya turubai au mikeka iliyotandazwa chini ya mabati, ingetusaidia kuliko wati mia zaidi. Hii tunaisema kwa makusudi, maana hatujaona mtu hata mmoja akiandika dari kwenye orodha ya vyombo vya sauti.

Sasa tuje kwenye namba za boksi, maana hapo ndipo watu wanaliwa.

Ukiona maandishi PMPO, fumba macho. Hiyo ni namba ya kuuzia, hakuna kipimo kimoja kinachokubaliwa nyuma yake. Tafuta neno RMS, au nguvu ya kuendelea. Bafle ya PMPO 3,000 inaweza kuwa na wati 20 za kweli, na hizo 20 si aibu.

Namba ya maana zaidi ni ile ambayo haiandikwi kwa herufi kubwa: bafle inatoa desibeli ngapi ukiipa wati 1 na kusimama mita 1 mbele yake. Kila ukiongeza desibeli 3 unahitaji nguvu mara mbili. Maana yake bafle ya desibeli 91 inafanya kwa wati 1 kazi ambayo bafle ya desibeli 85 itaifanya kwa wati 4. Kwa anayelipia umeme au anayetumia betri, tofauti hiyo si ya vitabuni. Na mtu asifikiri wati mara mbili ni sauti mara mbili. Ili sikio lisikie kama sauti imekuwa mara mbili, unahitaji karibu desibeli 10, yaani nguvu mara kumi.

Kwa sebule yetu, mazungumzo ya redio yakisikika kwa desibeli 70 hadi 75 pale watu walipokaa, inatosha kabisa. Bafle ya desibeli 88 inafika hapo kwa chini ya wati 1 muda mwingi, na inahitaji wati chache tu pale sauti inaporuka. Ampli ya wati 20 au 30 za kweli kila upande inatubakizia akiba. Hizo nyingine elfu kadhaa ni za nani?

Kitu kingine ni omu. Bafle nyingi ni za omu 8 au 4. Ukiunganisha bafle mbili za omu 8 kwa pamoja, sambamba, ampli inaona omu 4. Kama ampli imeandikwa mwisho wake omu 8, itachemka na kuzima, au itaungua. Na ile tabia ya kufungua sauti mpaka inakwaruza, tuiache. Ampli ndogo ikisukumwa kupita uwezo wake ndiyo inayounguza kile kispika kidogo cha juu, twita. Twita ikifa, konsonanti zimekufa nayo. Bafle inaendelea kuimba, mnafikiri nzima, kumbe imebaki na irabu tu.

Halafu umeme. Tunajua wote unavyokatika. Tufanye hesabu pamoja. Vyombo vidogo vinavyokula wati 30 kwa saa 4 za jioni vinatumia wati-saa 120. Betri ya kawaida ya volti 12 na Ah 50 ina wati-saa 600 kwenye karatasi, lakini betri ya asidi ukiikausha kupita nusu unaiua mapema, kwa hiyo tuseme 300. Zinatosha jioni mbili hata kama jua halikutoka. Vyombo vikubwa vikila wati 200, saa 4 ni 800. Betri hiyohiyo haimalizi jioni moja, na bado hatujahesabu kile kinacholiwa na inveta. Bafle kubwa zitakaa pale zimenyamaza, zimefunikwa kitambaa kama jeneza, na sisi tutarudi kunyoosha shingo kwenye simu.

Wenzetu wa upande wa pili wana hoja moja nzito, na hatutaki kuipita kimyakimya. Wanasema: bafle kubwa tutazikodisha harusini, zitatuletea pesa, kikundi kitasimama chenyewe bila kuombaomba. Hoja hiyo ni ya watu wazima. Kijana mkimbizi asiye na kazi akisema anataka kitu kitakachozalisha, huwezi kumcheka. Lakini kukodisha ni biashara kamili. Inataka gari la kubeba, mtu wa kulinda usiku, ruhusa, kijana anayejua kuunganisha, na pesa ya kutengeneza kila inapoanguka. Na harusi ni Jumamosi na Jumapili, siku ambazo chumba ndiyo kinajaa. Chombo kimoja hakiwezi kuwa bukini na kuwa nyumbani kwa wakati mmoja. Kama tunataka biashara, tuiandikie mpango wake, tuitafutie mtaji wake. Tusiichukulie mtaji kwenye masikio ya wamama.

Kuna na majirani. Nyumba za Yoba zimebanana, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule. Upande mmoja mtoto anasoma mtihani, upande mwingine mzee amelala mgonjwa, na adhana inasomwa kwa saa zake. Sauti za juu zinazuiwa na ukuta kwa urahisi, besi haizuiwi. Jirani hatasikia habari tunazosikiliza, atasikia dum dum tu mpaka saa tatu. Sisi ni wageni hapa, hata wale tuliozaliwa hapa bado tunaitwa wageni siku ya ugomvi. Mwaka 1997 Studio Ijambo ilianza mchezo wa redio uliopendwa Burundi nzima, *Umubanyi Niwe Muryango*, yaani jirani ndiye familia. Nchi iliyokuwa vitani ilikaa chini kusikiliza mchezo wenye jina hilo. Tusije sisi tukaharibu ujirani kwa sababu ya sabufa.

Na tuseme hili pia, kwa upole. Wako kati yetu watu ambao mlio mzito wa ghafla unawarudisha mahali wasipotaka kurudi. Wanatoka nje, wanasema wanaenda kunywa maji. Hawawezi kueleza kwenye kikao, na hakuna haja tuwalazimishe waeleze. Chumba kiwe mahali wanapoweza kukaa.

Watoto nao wako. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na mtoto desibeli 75. Chumba cha desibeli 75 tunachokitaka kiko ndani ya mstari huo.

Basi tunapendekeza tukienda dukani twende hivi:

Tuchague watatu: fundi mmoja, kijana mmoja anayependa muziki, na mama mmoja mwenye umri, hasa ambaye sikio lake moja limeanza kuchoka. Huyu wa tatu ndiye hakimu. Akielewa yeye, wote wataelewa.

Twende na sauti zetu wenyewe kwenye simu: taarifa ya habari ya Kiswahili, sauti ya mwanamke anayeongea haraka, sauti ya mzee anayenong'ona, na wimbo mmoja tunaoujua vizuri. Muuzaji akiweka wimbo wake, tumwambie asante, halafu tuweke wetu.

Tusikilize kwa sauti ndogo kwanza. Bafle mbaya inajificha ikipigwa kwa nguvu. Kwa sauti ndogo inaumbuka. Kisha tutembee pembeni. Kama maneno yanapotea ukitoka tu mbele yake, watu wa kona wataonewa.

Mmoja asome orodha ya maneno na kuirekodi, icheze, mama aseme amesikia nini: fika, zika, sita, shida, tatu, tano, pona, ona. Mtihani huo hauna bei na hakuna boksi linaloweza kuudanganya.

Tuulize vipuri vinapatikana Gitega au lazima Bujumbura. Kitu kisichotengenezeka karibu si chetu, tumekiazima.

Tukirudi nyumbani, bafle zisiwekwe chini wala konani. Ziinuliwe mpaka twita ifike usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, ziache ukuta kidogo, zitazame watu. Meza mbili na matofali vinatosha.

Kwenu nyinyi wa mashirika tuna neno fupi. Tunashukuru kwa msaada, kweli. Lakini msituletee maboksi yaliyochaguliwa ofisini. Njooni mpige kofi kwenye chumba kwanza. Historia yenyewe inaonyesha mnaweza: mwaka 1995 JRS ilianzisha Radio Kwizera kule Ngara, kwa sababu wakimbizi walihitaji kusikia neno linaloeleweka kwa lugha yao. Mwaka 2002 Radio Okapi ikaanza Kongo, na Kiswahili kikiwa kati ya lugha zake. Watu walilipia studio, minara, waandishi. Mita tatu za mwisho, kati ya bafle na sikio la mama, hakuna aliyezilipia. Hapo ndipo habari zinapofia. Kwenye bajeti yenu wekeni mstari wa mikeka na vitenge, mstari wa dari, mstari wa fundi kwa mwaka mmoja. Msione haya kuandika "blanketi" chini ya "vyombo vya sauti".

Na kwa wenzetu wa bafle kubwa: hatuwachukii, na harusi zenu tutakuja kucheza. Kikao cha Jumamosi kipige kura. Tunaomba kitu kimoja tu kabla ya kura: tuazime bafle moja kubwa na mbili ndogo, tuziweke kwenye sebule ileile, tucheze ile orodha ya maneno, na wamama wakae mbele wakitupa mgongo ili wasione ipi inasema. Wakisikia "wamefika" vizuri zaidi kwenye ile kubwa, tutabeba wenyewe mpaka ndani.